Nilimsainia dada kwenye muhtasari wa ukoo, sasa polisi wananiita

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Baba alifariki mwaka 2021, akaacha nyumba mjini na shamba la michungwa Muheza. Tuko watoto watano. Mwaka 2022 tulikaa kikao cha ukoo, wenzangu wakanipendekeza niwe msimamizi wa mirathi. Dada yetu mkubwa anafanya kazi Muscat. Alituma ujumbe wa sauti WhatsApp akasema, "Nyie endeleeni tu, mimi sina neno." Kwenye muhtasari jina lake liliandikwa kati ya waliohudhuria, na mimi nikamsainia. Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Juzi amepatikana mtu anayetaka kununua shamba, bei bado. Dada akarudi, akasema hakuwahi kuniruhusu kumsainia, akaenda polisi akafungua RB. Mpelelezi amenipigia simu niripoti Jumatatu kwa kosa la kughushi. Je, kumsainia ndugu aliyekubali ni kughushi? Nitafungwa? Dada akifuta kesi inaisha? Na kazi yangu je? Nimpigie dada kabla ya Jumatatu?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Wewe unauliza kuhusu sahihi, ila mimi kilichonigutusha ni lile neno "waliohudhuria". Nitalifikia.

Kwa ufupi: ndiyo, unaweza kushtakiwa. Kufungwa si lazima. Dada hawezi kuifuta kesi peke yake. Na kazi yako inaweza kutikisika mapema kabla hakimu hajasema lolote. Sasa tuliza moyo usome kwa urefu, maana kesi za namna hii mtu hushinda au hushindwa kwenye mambo madogo.

Watu wakisikia kughushi wanamwaza mtu aliyejifungia chumbani na mihuri ya bandia. Hata neno lenyewe lilizoeleka vinywani mwa wengi mwaka 2017, Rais Magufuli alipopokea Dodoma ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kumbe Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inazungumzia jambo pana zaidi. Kifungu cha 333 kinasema kughushi ni kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Basi. Hakisemi karatasi iwe na nembo ya Taifa. Karatasi ya daftari iliyoandikwa chini ya mwembe, ikapigwa mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ni waraka. Muhtasari wa ukoo wenu ni waraka.

(Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la 2022. Toleo la urekebu la 2023 lililozinduliwa Aprili 2025 limesogeza namba katika baadhi ya sheria, kwa hiyo ukipewa hati ya mashtaka yenye namba tofauti usidhani nimekudanganya. Soma maneno ya kosa, namba ni anwani tu. Na ninazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu ya 2018, na ndugu zetu wa Mombasa wana Sura ya 63 ya sheria za Kenya, ambako adhabu ya jumla ya kughushi ni miaka 3.)

Kifungu cha 335 ndicho kinachoeleza waraka wa uongo unatengenezwaje. Njia ya kwanza ni kuandika waraka usio wa kweli, au ambao una sababu ya kuamini si wa kweli. Ya pili ni kubadilisha waraka bila idhini: 3 ikageuzwa 8, au mstari ukachomekwa juu ya sahihi za watu waliokwisha kuondoka. Nyingine, ambayo ndiyo uliyoitiwa, ni kusaini kwa jina la mtu mwingine bila idhini yake.

Bila idhini. Upande wa sahihi, kesi yako yote imelala juu ya maneno hayo mawili. Aliyepewa idhini hakughushi. Karani anayesaini barua kwa niaba ya mkurugenzi kila siku hawekwi mahabusu, kwa sababu anatanguliza herufi tatu ambazo kila ofisi ya nchi hii inazijua: k.n.y. Mwalimu, ungeandika "k.n.y." mbele ya jina la dada, ukaweka sahihi yako mwenyewe, leo tungekuwa tunazungumza ugomvi wa ndugu tu, hakuna polisi. Sisemi haya kukusimanga. Nimeshika mafaili ya mirathi kwa miaka, na nikwambie muhtasari uliosainiwa na watu wote walioorodheshwa, kila mtu kwa mkono wake, ni nadra. Niliwahi kukuta muhtasari ambao mmoja wa "waliohudhuria" alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla ya kikao. Alikuwa na sahihi nzuri kuliko ya mwenyekiti.

Kwa hiyo swali la kwanza ni je, ule ujumbe wa sauti ni idhini? "Nyie endeleeni tu, mimi sina neno." Nimeusoma mara tatu. Unaonyesha hakupinga kikao, na pengine hakupinga wewe kuteuliwa. Lakini hausemi "nisainie". Mwendesha mashtaka makini atasimama hapo hapo: kukubali kikao kiendelee si kumkabidhi mtu mkono wako. Utetezi utasema kinyume, kwamba katika mazingira yale kuendelea kulimaanisha kuandika na kusaini. Atakayeamua mvutano huo ni ujumbe uliotangulia. Ulimwandikia nini ukajibiwa hivyo? Kama ulimwambia, "Dada, kesho tunaandika muhtasari wa kupeleka mahakamani, nikusainie?" ndipo akasema endeleeni, una idhini, na una ushahidi wake. Kama ulimwambia tu, "Dada, kesho tuna kikao," una jambo jembamba sana.

Basi simu hiyo iwe kama mboni ya jicho. Usifute chochote, hata yale maneno ya hasira mliyotupiana baadaye. Usimpe fundi aifute na kuiwekea programu upya, wala usitegemee picha za skrini peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa simu uwe ushahidi, ila kifungu cha 18 kinaitaka mahakama itazame ujumbe ulitunzwaje, kama haujaguswa, na aliyeutuma alitambulikaje. Mazungumzo kamili, yakiwa na tarehe na namba, ndani ya simu iliyoyapokea, yana uzito. Kipande kilichokatwa na kutumwa kwa watu wanne kina mashaka.

Sasa lile neno. Hata tukikubali kwamba dada alikuruhusu kusaini, hakuna ruhusa duniani inayoweza kumfanya awe amekaa kwenye kikao Tanga siku aliyokuwa kazini Muscat. Muhtasari unasema alihudhuria. Hilo si kweli, na mwandishi alijua si kweli wakati kalamu iko mkononi. Mhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti yake utalithibitisha kwa dakika moja. Unaona njia ya kwanza ya kifungu cha 335 inavyorudi kwa mlango wa nyuma? Idhini inatibu sahihi, haitibu mahudhurio. Na hapa hauko peke yako: aliyeandika muhtasari na aliyeuthibitisha wakijua dada hayupo wanaweza kuitwa nawe, kwa kushiriki kosa au kwa kula njama. Wakati mwingine hilo huwafanya ndugu wakumbuke mambo upya kabisa wakifika mbele ya polisi, kwa hiyo usitegemee kwamba simulizi mliyokubaliana sebuleni itabaki ile ile kituoni.

Kinachofuata ni nia, na hapa watu wengi wanajidanganya. Wanasema, "Sikuchukua hata senti, na mimi ni mtoto halali wa marehemu." Kifungu cha 336 kimeshaziba njia hiyo. Kinasema nia ya kulaghai itachukuliwa kuwepo ikiwa wakati waraka unatengenezwa palikuwa na mtu anayeweza kulaghaiwa nao, na haisaidii kuonyesha kwamba ulikuwa na haki, au ulidhani una haki, ya kile kitu. Fedha haihitajiki. Katika mambo yako anayeweza kudanganyika wa kwanza hata si dada, ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, aliyeusoma muhtasari akaamini warithi wote walikaa pamoja wakakubaliana.

Lakini nia bado inajadilika, na hapa nina swali ambalo likijibika vizuri nitapumua. Kwenye fomu ya maombi ya usimamizi, Fomu Namba 1, uliorodhesha warithi. Dada yumo? Kama jina lake limo pamoja na wengine, hilo ni jambo kubwa upande wako. Mtu anayetaka kumdhulumu ndugu huanza kwa kumficha. Wewe ulimtaja mahakamani kwa jina, ukaacha mlango wazi wa yeye kuja kudai. Nenda masjala ya mahakama ile, omba nakala ya jalada lote: fomu, muhtasari, uamuzi wa uteuzi. Fanya hivyo kabla ya jambo jingine lolote, na usiniletee nakala uliyonayo nyumbani. Nataka ile iliyomo jaladani.

Halafu kuna kosa la pili ambalo hukulitaja, na nina hakika litakuwemo kwenye hati ya mashtaka kama itaandikwa. Kifungu cha 342: anayewasilisha waraka wa uongo akijua na kwa nia ya kulaghai ana hatia sawa na aliyeughushi, na adhabu ni ile ile. Wewe uliupeleka muhtasari mahakamani. Mara nyingi hili ndilo linalomtia mtu hatiani, kwa sababu kuthibitisha nani alishika kalamu ni kazi, ila kuthibitisha nani alikabidhi karatasi dirishani ni kufungua jalada tu.

Hukuniambia kama uliiga sahihi ya dada au uliandika jina lake kwa mwandiko wako wa kawaida. Tofauti ni kubwa. Mwenye sahihi huipiga kwa kasi: kalamu inatua ikiwa tayari inakimbia, na mwisho wake unachongoka kama mkia wa mjusi. Anayeiga anachora. Mstari unatetemeka, kalamu inasimama katikati ya herufi kutafuta njia, wino unatuama kijitone mahali pale iliposimama, na mwisho unakatika butu. Mtaalamu wa maandishi wa maabara ya polisi akiiweka chini ya lenzi, akaweka kando sahihi zake za benki na za mkataba wa kazi wa miaka ile ile, anaona vijitone hivyo kama wewe unavyoona kosa la hesabu kwenye daftari la mtoto. Kuiga kunaongea lugha ya kuficha. Jina lililoandikwa wazi kwa mwandiko wako, ule ule uliojaza mstari wako mwenyewe juu yake, linaongea lugha ya mtu aliyedhani hafanyi baya. Kwa hiyo usijenge utetezi wako juu ya kukana mwandiko. Maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu, na hakimu mwenyewe anaruhusiwa kulinganisha sahihi, lakini ukikana kitu ambacho macho ya kila mtu yanakiona, hata ukweli wako mwingine hautaaminika.

Tuje Jumatatu. Nenda, tena mapema, usisubiri wakufuate darasani mbele ya wanafunzi. Nenda na wakili, na kama hujapata, na ndugu unayemwamini. Una haki ya kuwepo kwa mmoja wao unapohojiwa. Utaonywa kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakaloandikwa linaweza kutumika mahakamani. Hayo ndiyo maelezo ya onyo, na si porojo. Nimeona kesi ambazo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haikuwa na kitu zaidi ya karatasi tatu ambazo mshtakiwa alisaini saa 12 jioni ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Ukiamua kusema, sema kidogo na kweli tupu. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Pakiandikwa "nilighushi" na wewe ulisema "nilimsainia", omba pasahihishwe hapo hapo na uweke sahihi ndogo pembeni. Neno "nilighushi" ni hukumu. "Nilimsainia kwa sababu aliniambia tuendelee" ni maelezo. Mpelelezi ataomba sampuli za sahihi na mwandiko wako pia. Zitoe kwa mwandiko wako wa kila siku, usijaribu kuupotosha.

Dhamana isikunyime usingizi. Kughushi ni kosa lenye dhamana, polisi hata mahakamani. Andaa wadhamini wawili wenye vitambulisho vya NIDA na barua za utambulisho za serikali ya mtaa. Mambo hubadilika pale kesi inapobeba fedha: shtaka likihusu mali inayozidi shilingi milioni 10, sheria hutaka uweke nusu yake, taslimu au kwa mali. Na likiambatanishwa na utakatishaji fedha, dhamana haipo kabisa. Ndiyo maana nafurahi sana uliposema bei ya shamba bado. Kaa hivyo hivyo. Usipokee hata shilingi ya kishika uchumba kutoka kwa mnunuzi huyo. Ukipokea, muhtasari unaacha kuwa karatasi ya kifamilia na kuwa ngazi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa jingine lenye miaka 7 yake.

Kabla sijasahau. Wiki hii atatokea mtu, anaweza kuwa binamu, anaweza hata kuwa mtu wa kazi yetu hii, atakwambia: "Dawa yake ndogo, tengeneza hati ya uwakilishi ya mwaka 2022 inayoonyesha dada alikupa mamlaka." Mfukuze. Kughushi muhtasari kunaingia kwenye adhabu ya jumla ya kifungu cha 337, ambayo kilele chake ni miaka 7. Hati ya uwakilishi imo kwenye kifungu cha 338, pamoja na wosia, hati ya kumiliki ardhi, kumbukumbu za mahakama, noti na hundi. Huko kilele ni kifungo cha maisha. Ungekuwa umetoka kwenye matope ukaingia kisimani.

Umeuliza kama utafungwa. Miaka 7 ni mwisho wa ngazi, hakimu anaweza kusimama kidato chochote chini yake. Anatazama kama ni kosa lako la kwanza, kama ulinufaika, nani kaumia, kama ulikiri mapema au ulimsumbua kila shahidi. Kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa huduma kwa jamii chini ya Sheria ya 2002, na hakimu ana uwezo wa kumwachia mtu kwa masharti ya kutotenda kosa kwa muda fulani. Mwalimu asiye na rekodi, ambaye hakuuza wala kula chochote, na aliyemtaja dada kwenye orodha ya warithi, si mtu ambaye ningetarajia akae gerezani muda mrefu. Siwezi kukuahidi, na wakili anayekuahidi mkimbie. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka, pengine kwa kosa dogo zaidi, lakini usikimbilie huko kabla hatujaona ushahidi wao. Kukiri ni kutiwa hatiani. Na hatia ya kosa la kukosa uaminifu inakufuata hata miaka ambayo umesahau: kwenye ajira, kwenye mikopo, hata Katiba ibara ya 67 inaitumia kuwazuia watu kugombea ubunge. Ukitiwa hatiani na hukuridhika, siku 10 za kutoa taarifa ya kukata rufaa na siku 45 za kuiwasilisha Mahakama Kuu zinaanza kukimbia, nazo hazisubiri mtu anayetafuta nauli.

Kuhusu dada kufuta kesi. Akishatoa maelezo polisi, kesi ni ya Jamhuri dhidi yako, yeye ni shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 163, inaipa mahakama nafasi ya kuwasuluhisha watu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, ila yasiwe jinai kubwa, na kosa lenye miaka 3 kwenda juu kwa kawaida huhesabiwa jinai kubwa. Kughushi kumevuka mstari huo. Mwenye ufunguo ni Mkurugenzi wa Mashtaka na waendesha mashtaka wake, kwa vifungu vya 91 na 98. Na kuachiwa kwa njia hiyo si sawa na kushinda kesi; jalada linaweza kufunguliwa tena. Hata hivyo mwendesha mashtaka ni mtu. Akiona shahidi wake mkuu anasema familia imeshaelewana, mali haijaguswa, na usimamizi umerekebishwa, hana hamu ya kupoteza mwaka mzima kwenye kesi ambayo shahidi haji.

Kwa hiyo suluhu ina thamani, ila itafutwe kwa mlango wake. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za 1971, Kanuni ya 9, zinampa mrithi haki ya kuomba uteuzi wako utenguliwe ikiwa ulipatikana kwa maelezo ya uongo. Dada anaweza kuomba hivyo hata kama kesi ya jinai haitafika popote. Mimi ningekushauri umtangulie: iandikie mahakama iliyokuteua, eleza kwamba kuna dosari kwenye mahudhurio yaliyoandikwa, omba warithi wote waitwe ili uteuzi uthibitishwe au msimamizi mwingine ateuliwe. Barua hiyo aiandike wakili, maana kila neno lake litasomwa na mwendesha mashtaka. Na kama hujawasilisha orodha ya mali, Fomu Namba V, iliyotakiwa ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, itayarishe sasa hivi. Nina hofu hujaiwasilisha. Wasimamizi 8 kati ya 10 wanaokuja kwangu ndipo wanapoisikia kwa mara ya kwanza.

Kinachoniuma katika haya yote ni kwamba muhtasari wa ukoo wenyewe si sharti katika Kanuni zile. Ni utaratibu uliozoeleka mahakamani, nao una busara yake, kwa sababu unapunguza mapingamizi. Sahihi ya mtu aliye ng'ambo haikuhitajika ili uteuliwe. Mngeandika tu: "Dada yetu yuko Muscat, ametoa maoni yake kwa simu," na hakimu angeendelea.

Kazi. Mwajiri hasubiri hukumu. Ukifikishwa mahakamani kwa kosa la aina hii unaweza kusimamishwa kwa nusu mshahara mpaka kesi iishe, na ukitiwa hatiani Tume ya Utumishi wa Walimu ina mamlaka ya kukufukuza. Wale 9,932 walipewa siku chache tu waondoke wenyewe, hakuna hakimu aliyewasomea mashtaka mmoja mmoja kwanza. Yako ni tofauti kwa jambo moja la msingi: vyeti vyako ni halali, na kilichotokea hakihusu ajira yako. Lakini mkuu wako wa shule asisikie kwa wazazi getini. Kama utafikishwa mahakamani, mpe taarifa ya maandishi, mistari minne, bila kujitetea na bila kusema kosa ni lako au si lako.

La mwisho, dada. Mpigie simu, ni dada yako na amerudi nyumbani. Msalimie, umuulize za safari. Ila usimwambie abadilishe maelezo, usimwahidi kitu, usimtishe kwamba atalifedhehesha jina la baba. Maneno hayo yanaweza kukuletea shtaka la kumwingilia shahidi, na dhamana ikafutwa. Kama kuna la kuzungumza juu ya shamba, shangazi au mjomba ambaye hakusaini ule muhtasari akae katikati. Nahisi dada yako hakukasirishwa na sahihi ya 2022. Amekasirishwa kusikia kwa watu baki kwamba michungwa ya baba ina mnunuzi. Kama nimekisia sawa, mwambie yule mnunuzi leo, kwa maandishi, kwamba shamba haliuzwi, umpelekee shangazi nakala ya ujumbe huo, na nyingine uje nayo ofisini kesho asubuhi pamoja na lile jalada.